Nataka kumpeleka mama mkwe Unguja Aprili, tiketi ni za bei ya kutupa. Kuna ubaya?

BabaNia (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Naishi Hamburg mwaka wa tisa huu, mzaliwa wa Morogoro. Mke wangu ni Mjerumani, tuna binti wa miaka sita. Mama mkwe ana miaka 71, mzima, ila moyo unamsumbua kidogo na ana vidonge vyake vya kila siku. Miaka yote hii amekuwa akisikia habari za Zanzibar mezani kwangu, sasa kaamua: anataka kuiona kabla magoti hayajamgomea.

Nimepata tiketi za Aprili, bei ya kutupa. Tunapita Addis Ababa, tunasubiri saa 14 ndege ya Unguja. Hoteli ya Mji Mkongwe nayo imeshusha bei karibu nusu. Siku kumi. Mimi Unguja nimefika mara mbili tu, zote Julai, nikiwa mwanafunzi, tukalala kwa rafiki yetu wa mtaa wa Amani, kwa hiyo msinichukulie kama mwenyeji.

Naomba kujua mambo mawili. Aprili pakoje? Na hawa watatu wenye pasipoti za Ujerumani wanatakiwa wawe na nini mlangoni? Kila tovuti ninayofungua inasema lake. Mimi bado nina pasipoti ya nyumbani. Tiketi nimeshikiliwa mpaka Ijumaa usiku.

KijukuuChaMalindi

Aprili? Yakhe, umeiona bei ukasahau kuuliza kwa nini imeshuka.

Masika yanaanza Machi yanakwisha Mei, na Aprili ndiyo kitovu chake. Si mvua ya kunyesha ikapita. Inaweza kuanza usiku wa manane ukaamka nayo, ukala nayo chakula cha mchana. Mimi nyumba yetu iko Kiponda. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba, mabati na mifereji ya paa inamwaga maji kutoka pande mbili, yote yanakutana katikati pale unapopita wewe. Unashika viatu mkononi. Kuta za chokaa zinafyonza maji, nguo uliyoianika ndani Jumatatu unaivaa Alhamisi ikiwa na harufu ya kuvu. Sasa mpitishe humo bibi wa miaka 71 mwenye magoti mabovu, juu ya mawe yanayoteleza.

Na hoteli nyingi za pwani hufunga Aprili na Mei kwa ukarabati. Yako ya mjini iko wazi, sawa, lakini utakayotaka kwenda kulala siku mbili kule Nungwi au Paje uulize kwanza kama ina watu.

Mbongo_Halisi

Msimtishe jamaa. Mimi nilienda Aprili mwaka juzi na mchumba, siku nne. Mvua ilinyesha mara mbili tu, asubuhi, saa nne jua linawaka. Ufukwe mzima tuko peke yetu, chumba cha bei mbaya tumelala kwa bei ya gesti. Kila mtu anaogopa masika, ndiyo maana mimi nayapenda.

KijukuuChaMalindi

@Mbongo_Halisi umekwenda siku nne na mchumba, nyote vijana. Mkinyeshewa mnacheka. Huyu ana mtoto na mzee na siku kumi alizozilipia nauli kutoka Ulaya. Masika ni kamari. Wewe ulishinda, hongera.

TarishiWaViza

Nijibu la pili, maana ndilo linaloharibu safari za watu wengi kuliko mvua.

Wajerumani wanahitaji viza ya Tanzania. Ya kawaida, ya kuingia mara moja, ni dola 50 kwa kila pasipoti, na mtoto naye anahesabika: pasipoti yake, maombi yake, dola zake 50. (Wamarekani wao ni dola 100, ya kuingia mara nyingi.) Viza moja inatosha bara na visiwani, hakuna viza ya Zanzibar peke yake. Omba mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji yenyewe, inayoishia na go.tz. Ukiandika maneno ya viza kwenye kitafutio, za kwanza kutokea mara nyingi ni tovuti za madalali zenye bendera yetu na twiga, wanakutoza mara mbili kwa kazi ya kukujazia fomu ileile. Wengine hata hawaitumi.

Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita kwenda mbele tangu siku ya kuingia, na ukurasa mtupu. Angalia hasa ya mtoto, maana za watoto huisha muda mapema na wazazi husahau.

Wakati wa kujaza, jina liandikwe kama lilivyo kwenye ule mstari wa herufi na alama za mshale chini ya picha. Nimeona mama mmoja amejaza jina la ukoo la ndoa wakati pasipoti ina la kwao. Alisimama dirishani saa nzima, akaishia kulipa viza nyingine palepale. Viza ya kulipia uwanjani ipo kwa mataifa mengi, Wajerumani wakiwemo, lakini baada ya usiku mzima hewani na mtoto analia, foleni ile si ya kumpangisha mama mkwe.

BabaNia

Asante sana mkuu. Ya mtoto inaisha Julai! Nisingeangalia. Kesho naanza nayo.

Na bima? Kuna sehemu nimesoma tunalazimika kununua bima ya Zanzibar hata kama tuna ya kwetu. Tuna bima ya kimataifa inayolipa mpaka kusafirishwa kwa ndege ya wagonjwa.

TarishiWaViza

Ndiyo, inalazimu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni anayeingia Zanzibar ananunua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar. Mtu mzima dola 44, mtoto wa umri wa binti yako nusu yake, 22. Inadumu siku 92. Wakaazi wa Tanzania hawahusiki. Bima yako ya kimataifa haiiondoi hii, hata iwe ya kifalme. Inanunuliwa mtandaoni kabla ya safari, unapewa waraka wenye msimbo, unauonyesha ukifika.

Hesabu ya familia yako basi: viza 150, bima 110. Dola 260 kabla hujanunua hata chungwa.

Mbongo_Halisi

Huu ni wizi wa mchana. Mtu ana bima, bado unamuuzia nyingine.

KijukuuChaMalindi

Unaweza kulalamika, wengi wamelalamika. Lakini mimi nishaona mgeni kaanguka na pikipiki ya kukodi, bima yake ya kwao inataka fomu na simu za siku mbili, na mguu umevunjika leo. Tusilichukulie kama ni upande mmoja.

NesiMstaafu

Nimesoma uzi wote nikisubiri mtu aliseme, naona mnapita juu yake. Baba Nia, rudi kwenye zile saa 14 za Addis.

Tanzania inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, kuanzia umri wa mwaka mmoja. Ujerumani haimo. Ethiopia imo. Na anayepita tu uwanja wa ndege wa nchi kama hiyo anahesabiwa naye akizidisha saa 12. Wewe una 14. Yaani kwa ajili ya saa mbili za ziada, familia nzima inageuka kuwa watu wanaodaiwa kadi ya njano, yaani hicho cheti, na wewe mwenyewe na pasipoti yako ya Tanzania umo. Haiangalii wewe ni nani, inaangalia umepita wapi.

Kwako na mkeo chanjo si tatizo: sindano moja, na tangu Julai 2016 cheti kinatambulika maisha yote. Inachomwa kwenye vituo vilivyoidhinishwa tu, si kwa daktari yeyote. Binti naye anachanjwa. Mashaka yangu ni kwa mama. Hii chanjo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa aliyezidi miaka 60 anayechanjwa mara ya kwanza madhara makubwa, ingawa ni nadra, yanakuwa mengi zaidi kuliko kwa kijana. Daktari wake apime. Akiona haimfai anaweza kumwandikia barua ya msamaha wa kitabibu, lakini barua hiyo inasomwa na ofisa wa afya wa mlangoni, na uamuzi ni wake.

Mimi ningekuwa wewe nisingeanza na sindano wala barua. Ningebadili ndege. Tafuta inayosubiri chini ya saa 12, na msitoke nje ya uwanja kwenda kutembea mjini, maana ukishagongewa muhuri wa kuingia Ethiopia wewe si mpita njia tena.

DadaWaKisauni

Nesi yuko sawa kabisa, nami nina ushahidi wa mwilini. Sisi Wakenya hatuhitaji viza, tunaingia na pasipoti au ile karatasi ya muda ya Afrika Mashariki, kwa hivyo nikajiona mwenyeji. Kutoka Mombasa hadi Unguja hata chai hujamaliza ndege yashuka. Lakini Kenya iko kwenye orodha ya homa ya manjano.

Nikachanjwa Jumatatu, nikasafiri Jumapili. Kadi ninayo, muhuri upo, tarehe ipo. Yule bwana wa meza ya afya aliichukua, akaigeuza, akaweka kidole kwenye tarehe akaanza kuhesabu siku kwa vidole mbele yangu: Jumanne moja, Jumatano mbili... akafika sita akanitazama. Kadi huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano! Nilikaa kwenye kiti cha plastiki hadi wenzangu wote wameshafika hotelini. Walinikubalia mwisho kwa hisani, na hisani si kitu cha kupangia safari.

NesiMstaafu

Siku kumi, ndiyo. Mwili unahitaji muda kujenga kinga. Ahsante Dada, wengi hawalijui hilo mpaka wafike kwenye kile kiti.

BabaNia

Nimekaa kimya nikisoma na mke wangu, namtafsiria. Mlichoniambia kuhusu saa 14 hakuna tovuti iliyonieleza hivyo. Nimeangalia, ndege hiyohiyo ina safari ya kusubiri saa tatu na nusu tu, ghali zaidi kidogo. Aprili naona inakufa yenyewe.

Basi nishaurini mwezi. Likizo za shule nilizo nazo ni Julai na Agosti, wiki mbili za Oktoba, na Krismasi.

BahariHainaMwenyewe

Kazi yangu ni chombo, naendesha wageni, ngoja nikusemeshe kwa pepo. Tarehe za likizo zitajipanga.

Juni mpaka Agosti ni kipupwe. Ubaridi, usiku unashuka kwenye 21 au 22, mvua chache, anga safi. Wazungu wote wanakuja wakati huo na bei zinapanda nao. Lakini kusi, upepo wa kutoka kusini, linavuma. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, linavuma mchana kutwa: wacheza tiara za majini wanalipenda, mama mkwe kofia yake itaishia Pemba. Na boti ya Dar, ile ya mwendo wa saa mbili, mwezi wa Julai kwenye mkondo wa bahari inarusha. Nimeona watu wazima wanatapikia mifuko ile ya karatasi toka wanapoiacha bandari.

Disemba mwisho mpaka Februari ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini. Maji ya moto kama ya kuogea, lakini jua la Januari na Februari ni la nyuzi 32, 33, na fukuto. Mwenye maradhi ya moyo, hapana. Krismasi bei ndizo za juu kuliko zote.

Kati ya pepo hizo mbili kuna malelezi, upepo unapobadilika na bahari inalala. Malelezi moja yanaangukia kwenye masika, hayakufai. Mengine ni Oktoba kuelekea Novemba: kusi limechoka, kaskazi halijaja, maji meupe unaona mpaka chini. Vuli yenyewe, zile mvua fupi, hushika zaidi Novemba. Oktoba ndiyo mwezi ningemleta mama yangu mimi.

Mbongo_Halisi

Februari si ndiyo kuna Sauti za Busara pale Ngome Kongwe? Mimi ningesogeza shule.

KijukuuChaMalindi

Ipo, na ni raha. Lakini Ramadhani mwaka 2026 na 2027 inaingia Februari pia, kisha inaendelea kurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mgeni anayekuja Ramadhani bila kujua anateseka: mikahawa mingi ya mjini imefungwa mchana, na kula barabarani si utovu wa adabu tu, watu wamekamatwa. Hotelini mtu anakula kama kawaida. Kwa anayejua, usiku wa Ramadhani Zanzibar ni kitu kingine, Forodhani, ile bustani ya vyakula pale pwani ya mjini, inachangamka baada ya futari mpaka usiku mkubwa. Ila si kwa mtoto wa miaka sita anayetaka chipsi saa saba mchana.

BahariHainaMwenyewe

Nimesahau jambo moja, na hili watu wa mabara hawaulizi kamwe. Ukishapata mwezi wa kalenda, tazama na mwezi wa juu.

Maji yetu yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa inasogea mbele kwa dakika kama 50. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu ni bamvua: tofauti ya kujaa na kupwa inafika mita nne hivi. Paje wakati wa bamvua, maji yakitoka, unaona mchanga mtupu mpaka karibu na mwamba. Watu wanakuja kupiga picha za bahari wanakuta uwanja wa mpira. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari haiendi mbali. Nungwi na Kendwa ufukwe umeshuka kwa kasi, unaogelea karibu saa zote.

Lakini msiyakimbie maji yakitoka. Mpeleke mama na binti Jambiani asubuhi ya bamvua, wavae viatu vya mpira kwa sababu ya urumbo, wale wa baharini wenye miiba, wawaone wanawake wanavyofunga mwani kwenye kamba na vijiti, mashamba mazima chini ya bahari, yakijaa hayaonekani. Binti hatotaka kuondoka. Mwambie tu asichukue kiti cha pweza, yaani nyota ya bahari, wala makombe, kupeleka nyumbani.

DadaWaKisauni

Kiti cha pweza umenikumbusha utoto 😂

Na mifuko ya plastiki jamani! Tangu Juni 2019 Tanzania wameipiga marufuku, na Zanzibar ilianza kitambo kabla ya bara. Ile midogo ya kufungia chupa za dawa na manukato mgeni anaruhusiwa, mradi arudi nayo. Ile ya dukani iacheni Hamburg.

NesiMstaafu

Vidonge vya mama viwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la kupakia, ndani ya maboksi yake, na barua ya daktari kwa Kiingereza yenye majina ya dawa zenyewe, si majina ya kibiashara ya Ujerumani. Begi likipotea Addis yeye asipotee nalo. Malaria Unguja iko chini sana siku hizi, lakini mkiongeza siku za bara mweleze daktari wenu kabla, kinga za bara ni jambo jingine.

TarishiWaViza

Kama ni Oktoba, usiombe viza leo. Omba miezi miwili hivi kabla, pasipoti mpya ya mtoto ikiwa mkononi, maana viza inafungwa kwenye namba ya pasipoti. Watu huomba na ya zamani kisha wanafanya upya, wanafika na namba mbili tofauti.

BabaNia

Ijumaa usiku, saa tano. Tiketi za Aprili nimeziachia.

Nimechukua Oktoba. Kusubiri Addis saa tatu na dakika arobaini, hakuna kutoka nje. Siku sita Mji Mkongwe, tatu Nungwi, na siku moja ya Jambiani, ambayo nimeilinganisha na mwezi mpevu kama alivyosema mtu wa chombo. Ofisi ya pasipoti ya mtoto ni Jumanne. Mama mkwe bado atamwona daktari wake, si kwa ajili ya chanjo tena, kwa ajili ya ile barua ya vidonge.

Amelipokea vizuri. Ameuliza jambo moja tu, kama Oktoba abebe koti la mvua.

KijukuuChaMalindi

Abebe. Vuli ikiamua kuwahi haipigi hodi. Na mkifika mnipigie, chai ya tangawizi ipo, nyumba yetu ina ngazi 14 tu.